Ni Kiti Tu, Kaka

Loyce Ngeleja hakuwa mtu wa kupigwa akanyamaza, na hilo Kurui nzima ilikuwa inalijua tangu anachunga ndama. Kijana mmoja wa jirani aliwahi kumchapa fimbo ya mgongo eti ng'ombe wao wameingia kwenye mihogo ya watu. Loyce alimgeukia, akampiga kichwa cha mdomo, jino likatoka, kisha akaendelea kuswaga ng'ombe wake. Sasa mwanamke wa namna hiyo, mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi, ikaja kufika siku watu wazima na akili zao wakaamini anapigwa na mume wake na anaogopa kusema. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hadi leo ukilikumbuka jambo lenyewe unatamani kumzaba mtu kibao, ila hujui umzabe nani.

Baba yao, Mzee Ngeleja, alishuka Pwani na mifugo kutoka upande wa Shinyanga, akatua kijiji cha Kurui, wanawe wakiwa wadogo. Mkubwa Silas, katikati Wema, mdogo Loyce. Wema aliolewa Kibuta na mchoma mkaa mmoja mwenye maneno matamu. Kila akija kusalimia kwao alikuja na alama. Mara nilianguka kisimani, mara mlango ulinigonga, mara nilikuwa natwanga na mchi ukaniponyoka. Silas alimuuliza, Wema akacheka, na Silas akaamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi, na kulikuwa na madume ya kupeleka mnadani. Alijiambia akirudi atapita Kibuta amsikilize vizuri. Alipopita akakuta watu wamekaa uani, Wema kafunikwa shuka, na mchi umeegemezwa ukutani ukiwa na nywele. Ule ule mchi aliokuwa anausingizia. Mwanamume alishakimbia, na Silas alimtafuta vichaka vyote mpaka Maneromango, asimpate. Hasira ile hakuipeleka popote. Aliibeba.

Loyce akasoma, akapata cheti cha uhazili, akapata kazi Kibaha katika kampuni ndogo ya kupima viwanja. Huko huko akaolewa na Lusajo, Mnyakyusa muuza vipuri vya pikipiki pale Mailimoja, mrefu, mpole, sauti yake ya chini mpaka wateja wanamwambia arudie bei. Siku ya harusi Silas alisimama mbele ya watu, badala ya kutoa nasaha kama kaka wa bibi harusi, akamtazama Lusajo usoni.

"Shemeji, mimi nimeshazika dada mmoja," alisema. "Wa pili sitamzika. Safari hii nitazika mwanamume."

Wageni wakacheka wakidhani ni utani wa Kisukuma. Lusajo hakucheka, na Loyce naye hakucheka.

Pale ofisini bosi wao alikuwa Telesphory, mtu mwenye mashati yaliyopigwa pasi na mwenye imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea: mgeni akiingia lazima akutane na uso wa mtu. Kumwekea mgeni kompyuta mbele, yeye anazungumza na mgongo wa kioo, kwake ilikuwa dharau, sawa na kumgeuzia mkwe kisogo. Kwa hiyo kioo cha kompyuta ya Loyce kiliwekwa ubavuni, juu ya kabati fupi upande wa kushoto. Mwili wa Loyce uelekee mlangoni kwa adabu, shingo iende kushoto kwa kazi. Meza yenyewe ilinunuliwa kwa mtu aliyefunga mgahawa, meza ya watu kusimama na kunywa chai, juu kweli kweli, na kiti kilikuwa cha plastiki. Loyce ni mfupi. Miguu yake ilining'inia, viwiko vikapanda juu karibu na mabega, na mausi iliwekwa mbali upande wa kulia nyuma ya rundo la mafaili, mpaka aifuate kwa mkono ulionyooka. Hivyo ndivyo alivyokaa asubuhi hadi jioni, miaka na miaka, akichapa namba za viwanja.

Kwanza ilikuwa ganzi ya vidole. Kisha kitu kama msumari nyuma ya bega la kulia, na huo msumari kila siku mtu anaugonga nyundo moja. Ikafika mahali mkono haupandi. Kuchana nywele hawezi, kuanika nguo hawezi, birika analiinua kwa mkono wa kushoto huku anauma meno. Shingo nayo ikagoma, ukimwita anageuka mwili mzima. Na yeye, kwa ujeuri wake, hakumwambia mtu zaidi ya mumewe. Aliogopa Telesphory akisikia ataleta msichana mwingine. Akajifunga mtandio shingoni, akaenda Kongowe kwa mama mmoja mpiga chuku, akaumikwa pembe shingoni na mabegani. Chuku zikamwachia miviringo myeusi, mingine ya zambarau, kama alama za vidole vya mtu mwenye mikono mikubwa. Maumivu hayakuondoka, yalicheka tu.

Silas alipita Kibaha akitoka mnadani, akaingia kumsalimia dada yake. Loyce akataka kummiminia chai, birika likamshinda, likaanguka. Alipoinama kufuta, mtandio ukateleza. Silas akaziona zile alama. Chai ikatandaa sakafuni kote.

Akauliza nani kamfanya vile. Na Loyce akasema ukweli, ukweli mtupu, huku akicheka kidogo kumwondoa wasiwasi.

"Ni kiti tu, kaka. Kiti cha ofisini."

Laiti angesema uongo! Angesema kapigwa na kibaka angalau Silas angemtafuta kibaka. Lakini kiti? Silas alikuwa mtu anayeshinda amesimama juani, mguu mmoja, kaegemea fimbo, kutwa, na usiku analala vizuri. Kwake kukaa ndiko kupumzika. Mtu akae kivulini, kwenye kiti, mbele ya feni, halafu shingo iwe na alama nyeusi na mkono usipande? Alichosikia Silas si neno kiti. Alisikia kisima, alisikia mlango, alisikia mchi, na kile kicheko kidogo alikitambua kabisa. Akaaga. Akitoka akasimama kwenye ukuta wa jirani, Kidawa, Mzaramo wa Maneromango, mwanamke mwenye masikio yasiyolala. Akamwuliza kama husikia chochote pale kwa dada yake. Kidawa akamwambia yeye si mtu wa kusema ya watu, lakini kwa kuwa ni mtani wake atamwambia: jioni nyingine dada yako analia humo ndani. Wakapeana namba za simu.

Na kweli Loyce alikuwa analia. Alishakwenda hospitali hatimaye, na dada mmoja wa mazoezi ya viungo akamkalisha, akamsikiliza, akamwambia akae vile anavyokaa ofisini. Loyce akakaa: shingo kushoto, viwiko juu, mkono kaunyoosha kulia. Yule dada akashika kiuno. Akamweleza kwamba dawa ya kupaka haitasaidia kitu kama kila asubuhi anarudi kujinyonga mwenyewe. Kioo kije mbele, ukingo wake wa juu ulingane na macho. Meza ishuke, viwiko vikae karibu na mbavu bila kunyanyua mabega. Mausi isogee ikae ubavuni mwa kibodi. Miguu ikanyage kitu, mgongo uegemee kitu, na asikae muda mrefu bila kusimama. Halafu akamfundisha Lusajo, aliyemsindikiza, namna ya kuivuta shingo na kulikandamiza bega, taratibu, kila jioni. Akawaonya kwamba mwanzoni itauma sana.

Iliuma. Jumamosi moja Loyce alipiga ukelele mpaka kuku wa Kidawa wakaruka, na Kidawa akaichukua simu. Alimwambia Silas aje, na aje upesi, maana huyu mtu sasa anaua.

Jumapili mchana Lusajo alikuwa uani na mbao, msumeno, nyundo na misumari. Alikusudia kutengeneza kisanduku cha kuinulia kioo na kigoda cha kukanyagia miguu, na ubao mmoja ulikuwa tayari umepigiliwa misumari ncha zikitokeza upande wa pili, akisubiri kuuunganisha na mwenzake. Alimkalisha mkewe kwenye stuli, akampima toka kiwiko hadi chini, toka macho hadi chini, akaandika kwa chaki ukutani. Wote wawili walikuwa na furaha siku hiyo, msiniulize nimejuaje, Kidawa mwenyewe anakiri aliwasikia wakitaniana. Kisha Lusajo akasema kabla hajaendelea amvute shingo. Akasimama nyuma yake, mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine juu ya bega, akakandamiza.

"Unaniua, Lusajo! Niache!"

Ndilo neno alilolisikia Silas wakati anazima pikipiki nje ya uzio. Alichokiona kupitia makuti ni mwanamume amemkaba dada yake shingo kwa nyuma, na nyundo iko chini karibu na mguu. Nani angesubiri maelezo? Silas hakusubiri.

Fimbo ya kwanza ilimpata Lusajo nyuma ya sikio. Akageuka, hajui hata ni nani, akainua mkono kujikinga, fimbo ya pili ikaukuta mkono, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Shemeji?" kwa ile sauti yake ya chini, kama anauliza bei, na Silas akampiga ya tatu mdomoni. Fimbo ikavunjika. Silas akaokota cha karibu, na cha karibu kilikuwa ule ubao wenye misumari.

Loyce alijirusha. Alitaka kuukamata ule ubao juu, lakini mkono wa kulia ulipanda mpaka kifuani ukakwama, mkono mpumbavu, mkono mfu, na ubao ukashuka usoni mwa mumewe mbele ya macho yake. Akamrukia kaka yake akamng'ata mkono wa mbele mpaka meno yakagusa mfupa. Silas akamkung'uta akaanguka. Alikuwa analia, Silas, anapiga huku analia, machozi na kamasi, na maneno yaliyokuwa yanamtoka yalikuwa yale yale.

"Usimtetee! Wema naye alikuwa anamtetea!"

Lusajo alikuwa chini, damu imejaza tundu la jicho la kushoto. Alikuwa anatambaa kuelekea mlangoni na Silas anamfuata na mateke ya mbavu. Kidawa aliingia mbio, akakuta si kile alichokuwa anakitarajia. Nafikiri alitarajia vibao viwili vitatu na shemeji kuomba msamaha. Akaanza kupiga mayowe, na mayowe mtaani kwetu yana tafsiri moja. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakaja na mawe na marungu wakijua ni mwizi. Jiwe la kwanza lilimpasua Silas paji la uso, la pili likamlaza. Mmoja alishakuja na tairi, mwingine anauliza petroli.

Hebu mfikirie Loyce wakati ule. Mume wake anakoroma damu upande huu, na upande ule watu wanataka kumchoma kaka yake aliyemfanya hivyo. Yupo aliyesema angewaacha, na siku nyingine Loyce mwenyewe husema angewaacha. Lakini alijilaza juu ya Silas, mzima mzima, marungu mawili yakampata mgongoni, akapiga kelele kwamba huyu si mwizi, huyu ni ndugu yake, tumbo moja, waache. Wakaacha. Wakaondoka na tairi lao wakilalamika kupotezewa muda.

Hospitalini waliunga mfupa wa mkono, wakashona mdomo, lakini jicho hawakuliweza. Muuguzi mmoja mtu mzima alimvuta Loyce pembeni, akamnong'oneza kwamba kama mumewe alikuwa anampiga asiogope, hapa ni mahali salama. Loyce akamwambia ni kiti. Yule mama akampapasa mkono kwa huruma. Hapo ndipo Loyce alipoanza kuelewa ukubwa wa kitu kilichomkuta: alikuwa anasema kweli na hakuna mtu duniani wa kumwamini.

Alikwenda kumwona Silas kituo cha polisi, alikoshikiliwa. Alikwenda na matusi aliyoyapanga njiani, mazito. Silas alikuwa amekaa sakafuni mwa mahabusu, kichwa kimefungwa bandeji, mkono umevimba penye alama za meno, na usoni mwake, Mungu amsamehe, kulikuwa na amani. Tangu Wema azikwe hakuwahi kuonekana na uso ule.

"Safari hii nimewahi," alimwambia dada yake.

Loyce akayaacha matusi. Akajaribu kumweleza: kioo kilivyokaa, meza ilivyo juu, chuku za Kongowe, dada wa hospitali, na kwamba Lusajo alikuwa anamtengenezea kisanduku. Silas alimsikiliza kwa upole wote, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa. Alipomaliza akasema Wema naye alisema mchi. Hata askari aliyesimama mlangoni alitazama pembeni, kwa sababu naye hakuamini.

Loyce alirudi nyumbani akakuta Kidawa kashika fagio, anafukia damu kwa mchanga, hawezi kumtazama usoni. Loyce hakumpiga, ingawa alikuwa na sababu. Alimwambia alete fundi wa kumalizia zile mbao. Zilioshwa, zikapigwa randa, lakini ubao ule mmoja ulibaki na doa la kahawia ambalo randa haikulifikia, na Loyce akakataa usibadilishwe.

Jumatatu ya wiki iliyofuata akafika ofisini kabla ya watu, msumeno wa mumewe mkononi. Telesphory alipoingia alikuta mfanyakazi wake yuko chini, meza imelazwa ubavu, na miguu ya meza inakatwa kwa mkono wa kushoto, hovyo hovyo, vumbi la mbao limejaa zulia. Akauliza kama ana wazimu. Loyce hakuacha kukata. Alimwambia mume wake kapoteza jicho kwa sababu ya meza hii, na kama bosi anataka kumfukuza kazi amfukuze akimaliza mguu wa nne. Telesphory akakohoa, akazunguka, akarudi na hoja yake ile ile kuhusu mgeni: mgeni ataongeaje na mgongo wa kompyuta?

"Mgeni akiingia nitasimama," Loyce akamjibu. "Nitasimama, nitamsalimia, nitampa kiti. Uso atauona wote."

Kumsimamia mgeni ni adabu kubwa kuliko adabu ya Telesphory mwenyewe. Akakubali kwa shingo upande. Basi meza ikashuka, na kwa kuwa ilikatwa kwa hasira, mguu mmoja ulipungua, ukawekewa kipande cha kadibodi. Kisanduku kikaja mbele na kioo juu yake, doa la damu likimtazama Loyce. Kigoda chini ya miguu. Khanga iliyoviringwa nyuma ya kiuno. Mausi karibu, mafaili yakahamia kabatini. Na kila mgeni aliyepiga hodi Loyce alisimama, mchana kutwa akisimama na kukaa, na kumbe ndicho yule dada wa hospitali alichokuwa anakitaka.

Haikuwa haraka. Kwanza ganzi iliondoka vidoleni. Kisha alilala ubavu wa kulia hadi asubuhi. Kisha akachana nywele zake mwenyewe, na Lusajo, mkono wake ungali kwenye plasta, akakaa kitandani kumtazama kwa jicho lililobaki mpaka alipomaliza. Jioni ziliendelea zile zile, kuvutwa shingo, ila sasa alikuwa akipiga kelele kidogo tu, na Kidawa upande wa pili alikuwa anawasha redio kwa makusudi.

Lusajo aliiacha kesi. Loyce aligombana naye kwa hilo, wakagombana vibaya, akamwita bwege. Yeye akasema kumfunga shemeji hakurudishi jicho, na wala hataki Mzee Ngeleja afe mtoto wake yuko jela. Silas akatoka, akarudi Kurui. Hakupiga simu. Watu wa kule walimpokea kama mtu aliyefanya jambo, na mtu akipokewa hivyo anazidi kuamini.

Mvua za masika zilipokata, Mzee Ngeleja akawaita Kurui wayamalize. Alikuwa ametoa dume jekundu, zuri, limefungwa kwenye mti wa uani, na ndugu wachache wamekaa. Mzee alimwamkia Lusajo yeye kwanza, mkwe aamkiwe na baba mkwe, hata Lusajo akaona aibu. Akasema mwanawe alikosea, akasema dume lile si bei ya jicho, maana jicho halina bei, ni njia tu ya yeye mzee kuinamisha kichwa. Kisha akamgeukia Silas aseme la kwake.

Silas akasimama na fimbo yake mpya. Akasema dume ametoa baba, na ni haki ya baba. Yeye haombi radhi, kwa sababu dada yake yuko hai, amekuja kwa miguu yake, anakula. Akamwelekea Lusajo. Akasema na akisikia tena kilio kutoka nyumba ile, litafuata jicho la pili.

Hakuna aliyeona Loyce alinyanyuka saa ngapi. Fimbo ilimtoka Silas mkononi kabla hajaikaza, na Loyce akaipandisha juu, nyuma ya kichwa kabisa, akaishusha. Ikampata begani. Akaipandisha tena. Ikampata shavuni, shavu likapasuka. Alikuwa anampigia kila kitu kwa pamoja, jicho, mfupa, mateke, ule uso wenye amani kule mahabusu, na labda Wema naye alikuwemo. Mzee alipiga kelele waachanishwe, vijana wakasogea, lakini Lusajo akawazuia kwa mkono wake mzima. Silas hakujikinga. Alisimama, damu inamchuruzika mpaka kwenye shati, anapokea. Na pole pole watu wakaona kwamba haitazami fimbo. Anautazama mkono.

"Loyce," alisema. "Huo mkono unapanda."

Loyce hakumsikia, akapiga tena. Silas akasema tena, kwa sauti ya mtu aliyeona kitu barabarani asichokielewa. Mkono ule aliuacha haubebi birika. Akamwuliza kama aliwahi kumkimbia mumewe, akakaa kwingine, hata kidogo. Loyce, akihema, akamjibu hajakimbia kwenda popote, yupo na mumewe nyumba ile ile, kitanda kile kile, na jioni anamvuta shingo vile vile.

"Sasa kilichobadilika ni nini?"

"Kiti," Loyce alisema. "Kiti na meza, kaka. Nilikwambia."

Uani pale palikuwa na ndugu, palikuwa na dume jekundu linatafuna, na palikuwa na Mzee kashika kichwa. Silas alimtazama dada yake shingo, shingo safi, haina hata alama. Alitazama mkono. Halafu kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamtazama Lusajo, si kama mtu wa kumwangalia asifanye jambo, akamtazama uso, lile shimo lililoshonwa, ule mdomo uliopinda. Alikaa chini kwenye vumbi la ng'ombe, mtu mzima na ndevu zake.

"Wema nilimchelewea," alisema. "Wewe nimekuwahi bure."

Akalia. Kwenye msiba wa Wema hakulia, alikuwa kichakani anamtafuta mtu. Sasa akalia vyote viwili, akainamisha kichwa mbele ya miguu ya dada yake, akamwambia aendelee, asiache, mkono si umepona. Loyce aliinua fimbo. Ilipanda vizuri, bega halikuuma hata chembe, na ikabaki huko juu.

Lusajo akaja akigeuza kichwa upande wa jicho lake zima. Aliishika fimbo, akaitoa mkononi mwa mkewe kidole kimoja kimoja, kisha akainama akamnyooshea Silas fimbo yake.

Silas aliitazama, lakini hakuipokea.